Studio ya nyumbani: Wingi wa traki usimzubaishe mnunuzi

KIJANA anayetaka kugeuza chumba chake kuwa studio ya muziki hukabiliwa na swali moja mapema sana: achukue programu gani ya kurekodia, na iwe na traki ngapi? Swali hilo si dogo, kwani fedha inayopotea hapo ndiyo ambayo ingenunua maikrofoni nzuri au kuongeza uwezo wa kompyuta.

Traki ni njia inayobeba sauti moja peke yake ndani ya wimbo, ili mtayarishaji aweze kuipandisha, kuishusha au kuifuta bila kuzigusa nyingine. Gitaa hukaa katika traki yake, mwimbaji katika yake, na waitikiaji katika zao.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana: idadi ya traki ambazo programu inaweza kuzibeba, na idadi ya sauti zinazoweza kurekodiwa kwa wakati mmoja. Hilo la pili hutegemea zaidi kifaa cha kuingizia sauti, yaani kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Mwenye kisanduku cha matundu mawili hawezi kurekodi maikrofoni tatu kwa mpigo, kila moja katika traki yake, hata kama programu yake ina traki 200. Atazirekodi kwa zamu.

Kwa msanii wa bongo fleva, zamu hiyo haina tatizo. Biti ikishatengenezwa huchukua traki mbili, ya kushoto na ya kulia. Sauti kuu huchukua moja, za kuikazia mbili, kiitikio nne, na vionjo vya hapa na pale mbili. Jumla ni 11, na zote za uimbaji zimepita katika maikrofoni moja.

Hesabu hubadilika bendi ya dansi inapobisha hodi. Magitaa matatu likiwamo la besi, tumba, saksafoni mbili, waimbaji wanne, na dramu ambazo peke yake zinahitaji maikrofoni nne au zaidi, huleta traki 14. Bendi iliyozoea kupiga pamoja hupoteza uhai wake ikilazimishwa kurekodi mtu mmoja mmoja. Hapo kinachohitajika ni kisanduku chenye matundu ya kutosha, na hilo programu haiwezi kulitibu.

Kuhusu programu zenyewe, tofauti ni kubwa. Pro Tools Intro, inayotolewa bure tangu mwaka 2022, inaruhusu traki nane tu za sauti. Wimbo ule wa traki 11 hautoshi humo bila kubanwa. Pro Tools Artist, ambayo ni ya kulipia, inaruhusu 32. Mwenye kompyuta ya Mac anapata GarageBand bila malipo, yenye nafasi ya hadi traki 255. Reaper haina kikomo kilichowekwa. Hujaribiwa kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya bei nafuu kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Audacity ni ya bure na inafaa kwa mahojiano na sauti za kawaida, ingawa kwa kazi ndefu ya muziki huchosha.

Wako wanaokimbilia nakala za wizi zinazouzwa mitaani. Mbali na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo hiyo hiyo wasanii wanaitegemea kulinda nyimbo zao, nakala hizo huweza kuja na virusi, na virusi havichagui faili la mteja wa kulipia.

Programu isiyo na kikomo nayo ina kikomo chake: kompyuta. Dakika moja ya traki moja, kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 48, hula takriban megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika nne wenye traki 24 unakaribia megabaiti 830, kabla ya kuhesabu marudio yaliyokosewa. Diski hustahimili, kinachoelemewa ni prosesa, pale kila traki inapowekewa mwangwi na vikolezo vingine. Sauti huanza kukatika, na mwimbaji hujisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni.

Dawa ya tatizo hilo ni ya zamani. Mwaka 1967, The Beatles walikamilisha albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band jijini London kwa mashine za traki nne. Nne zilipojaa, zilichanganywa na kuhamishiwa mashine nyingine katika traki moja au mbili, nafasi ikapatikana. Waliokosea kipimo hapo hawakuwa na njia rahisi ya kurudi nyuma. Leo programu nyingi hufanya kazi hiyo kwa kugandisha traki iliyokamilika ili prosesa ipumue, na mtayarishaji akibadili mawazo huifungua tena.

Kwa anayeanza, kisanduku cha matundu mawili na programu inayobeba traki 24 vinamtosha kwa nyimbo nyingi. Kabla ya kulipia, arekodi wimbo mmoja mzima ndani ya siku za majaribio, kwa kompyuta ile ile atakayoitumia, vikolezo vyote vikiwa vimewashwa. Kisha anunue diski ya pili ya kuhifadhia nakala, maana umeme ukikatika katikati ya kurekodi, mteja ataulizia wimbo wake kwa mwenye studio.