Je, Wajua? Ubatizo Uliobatilishwa na Maneno

Mwaka 2008 Vatikani ilitamka kwamba kubatiza kwa jina la “Muumba, Mkombozi na Mtakasaji” si ubatizo. Maneno hayo yalitumika kukwepa majina ya kiume, Baba na Mwana. Aliyebatizwa hivyo hana budi kubatizwa upya, hata kama ana mvi!

Lugha ya kiume ilikuwamo hata katika Misa. Hadi 1981, padri Mkatoliki wa Marekani akishika kikombe alitamka kwa Kiingereza kwamba damu ya Kristo itamwagika kwa ajili ya “wanaume wote”, akimaanisha watu wote. Neno hilo likafutwa. Ilikuwa haki, tena iliyochelewa. Tafsiri ya Kiingereza ya Kanuni ya Imani ya 2011 bado inalo.

Kanisa Katoliki la Kanada lilichapa kitabu cha masomo ya Misa chenye lugha jumuishi, isiyoegemea jinsia moja, mwaka 1992. Mwaka 1994 Vatikani ikaiondolea idhini tafsiri ya Biblia iliyotumika humo. Wakanada waliendelea kukisoma kitabu hicho misani.