Kabla Hatujaingiza Seredani Chumbani



Wapenzi wasomaji, joto limevunjika. Mjini Ibra watu wameanza kutoka alfajiri wakiwa na mashali mabegani, na Nizwa madirisha hufungwa tangu magharibi. Saiq, kule juu ya Jabal Akhdar, ambako ni kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Januari hushuka hata chini ya sifuri. Wenzetu wa Sur wana nafuu ya bahari, lakini nao wana jamaa bara na hulala kwao. Wengi wetu tuliozaliwa Unguja, Pemba au Mombasa hatukulelewa na baridi kavu ya namna hii, na dawa tuijuayo ni moja tu: seredani.

Januari iliyopita tulikwenda Ibra kumtazama mzazi. Alikuwa katika siku ya kumi na mbili ya arubaini yake. Chumba kilikuwa kizuri, kina zulia nene na pazia zito, na dirisha la alumini limefungwa, nyufa zake zimezibwa kwa gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie. Kando ya kitanda iliwekwa seredani, makaa yamekolea mekundu, hayatoi hata uzi wa moshi. Bibi wa nyumba ile aliiweka kwa mikono yake, kama alivyowekewa yeye alipojifungua mjini Zanzibar.

Baada ya adhuhuri mzazi alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Wageni wawili nao wakasema vichwa vinawauma. Likapita neno kwamba huenda ni jicho, kwani waliokuja siku ile walikuwa wengi. Ikaletwa chetezo, yakatiwa makaa mengine, ukafukizwa ubani, na mlango ukafungwa ili moshi wake usipotee. Haukupita muda, mzazi alijaribu kuinuka, magoti yakamlegea, akaanguka kando ya kitanda.

Mjukuu wa Bibi, kijana wa miaka kumi na minane, aliingia akafungua mlango na dirisha, akambeba mtoto mpaka uani.

"Bibi, tulitoe jiko hili nje."

"Mjukuu wangu, mtoto atapata baridi."

"Baridi tutamfunika, Bibi."

Hospitalini mzazi na mwanawe walipewa oksijeni kwa saa kadhaa. Daktari hakuuliza habari za jicho; aliuliza mkaa uliwashwa saa ngapi. Alhamdulillah, wote wawili ni wazima, na wenyewe wameturuhusu tuyaeleze haya bila ya kutaja majina.

Kilichokuwamo chumbani mle ni hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hutoka katika mkaa, kuni, gesi au mafuta yanapoungua pasipo hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mama zetu hungoja uani mpaka moshi uishe, ndipo huingiza jiko ndani wakisema kwamba makaa yaliyokolea hayana neno. Moshi umekwisha, ndiyo. Hewa hii inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo mtu hupumua vizuri huku mwili wake ukikabwa kwa ndani. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika. Aliyelala huzidiwa na usingizi, asiamke kulalamika. Wajawazito na watoto wachanga ndio wanaodhurika upesi zaidi, nasi ndio tunaowafungia madirisha.

Pia tujihadhari na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ambacho wengi walikinunua mwaka 2020 wakati wa maradhi ya Korona. Kifaa hicho cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, na kinaweza kuonyesha tarakimu nzuri kabisa wakati mgonjwa anazama. Katika hewa ya kawaida sumu hupungua nusu yake kwa saa nne au tano hivi. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kiasi cha saa moja na nusu. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kuambiwa alale tu apumzike.

Hatumlaumu Bibi. Kwa nyumba aliyozaliwa hakukosea. Nyumba ya kwetu pwani ina madirisha ya mbao yasiyokutana sawasawa, na upepo wa bahari huingia huku ukatokea kule. Hata nyumba kongwe za udongo za huku Nizwa na Ibra zina dari za juu na milango ya mbao yenye mianya. Nyumba ya leo ni ya saruji, dirisha lake lina mpira pembeni, na mlango wake hukaza kama kifuniko cha chupa. Wengine hudhani kiyoyozi huleta hewa mpya. La hasha, hivi vya ukutani vilivyo vingi majumbani mwetu huizungusha hewa ile ile ya chumbani, hata iwe na sumu.

Kila mwaka baridi inapoanza, Mamlaka ya Ulinzi wa Raia na Huduma za Wagonjwa ya Oman huonya juu ya kuwasha mkaa mahali palipofungwa. Nasi Waislamu tuna onyo la zamani zaidi: katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuacha moto unawaka majumbani wakati wa kulala, na aliamrisha uzimwe baada ya nyumba moja ya Madina kuwaunguza wenyewe usiku. Tunaihifadhi hadithi hiyo tangu chuoni. Kisha tunaiacha seredani miguuni pa kitanda.

Tusemeje basi kwa waliojenga meko ya ukutani yenye dohani, kama baadhi ya nyumba za mlimani? Hao wamefanya vizuri, ila dohani isiyotazamwa ni hatari ile ile. Huku kwetu hukaa miezi minane au zaidi bila ya kutumika. Ndege hujenga kiota, nyigu hujenga chao, na mchanga hujikusanya. Kabla ya kuni ya kwanza, isafishwe kwa burashi ya waya yenye mpini mrefu, kutoka juu kushuka chini, na mdomo wa meko uzibwe kwa kitambaa kilicholowa ili masizi yasimwagike zuliani. Nyufa zitafutwe kwa tochi. Juu ya paa iwekwe kofia yenye wavu. Asiyeweza kupanda paa amwite fundi. Kuvunjika nyonga si akiba.

Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi huacha ndani ya dohani utando mweusi unaonata kama lami, na utando huo siku moja hushika moto humo humo. Majivu yatiwe katika ndoo ya bati yenye kifuniko na yawekwe nje, kwani kaa lililofunikwa na jivu huweza kuishi siku kadhaa. Ndoo ya plastiki haifai.

Jaribio jepesi tulifanyalo sisi ni hili: tunatia ubani kidogo katika chetezo na kuiweka mdomoni mwa meko yaliyo baridi. Moshi ukipanda, njia i wazi. Ukirudi chumbani, hatuwashi. Jaribio lirudiwe na feni ya kutolea moshi jikoni ikiwa inazunguka, kwani feni hiyo inaweza kuivuta hewa ya dohani ikashuka ndani.

Wanaokwenda kupiga hema katika Ramlat al-Wahiba nao wakumbuke: turubai lililofungwa zipu ni chumba kilichofungwa. Jiko libaki nje.

Vipo ving'ora vidogo vya betri vinavyolia vikiona kaboni monoksidi. Si vile vya moshi, vile haviitambui. Kule England, tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba ya kupangisha hulazimishwa na sheria kukiweka katika kila chumba chenye hita au meko ya kudumu, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Sisi hatujangoja sheria, tumevinunua viwili.

Vichwa vikiuma vya watu wawili au watatu katika chumba chenye moto, tokeni nyote nje kwanza, kisha pigeni 9999.

Bibi wa Ibra bado anawasha seredani yake kila alasiri. Iko uani, chini ya mkunazi, na nguo za mtoto hufukizwa hapo hapo kabla hazijaingizwa ndani.