Radi ya Gwassi Ina Saa Zake

Anayepanda milima ya Homa Bay hana haja ya kuhofia theluji. Kilicho karibu nayo huku ni mvua ya mawe, ambayo dakika chache tu hugeuza nyasi za mteremko kuwa utelezi mtupu. Hiyo itakuchubua magoti. Cha kuogopwa zaidi kwenye migongo ya Gwassi, Gembe na Mlima Homa ni radi, na radi ya huku ina saa zake.

Saa hizo hupangwa na Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu huingia kutoka ziwani. Ukikutana na upepo unaovuma kutoka mashariki, hewa hiyo hukosa pa kwenda ila juu, na milima huisukuma zaidi. Ndiyo maana asubuhi huwa kweupe, kisha kuanzia saa nane hivi mawingu meusi hurundikana. Usiku dhoruba huhamia ziwani, na hapo wa kuhurumiwa ni wavuvi wa omena.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mlima Homa unapita mita 1,700. Kwenye mgongo wenye nyasi tupu, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Hata hivyo, wengi wanaouawa hawapigwi moja kwa moja. Umeme ukishatua husambaa ardhini, hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe huumia zaidi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Ukinaswa huko juu, usilale chini wala usijibanze chini ya mti: chuchumaa, miguu pamoja, na wenzako watawanyike. Hiyo ni njia ya aliyekosa njia. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo ngurumo ikifuata mmweko kabla hujahesabu 30, umeshachelewa kushuka. Kibanda cha nyasi si kinga, bodaboda vilevile. Matatu iliyofungwa vioo ni kinga nzuri.

Ninaowawazia zaidi ni mahujaji wa kanisa la Legio Maria wanaopanda kilima cha Got Kwer, Migori, alikozikwa kiongozi wao Simeo Ondeto mwaka 1991. Pasaka huangukia masika, na umati uliosongamana hauwezi kushuka kwa haraka. Ibada ya kileleni ikianza alfajiri na kumalizika kabla ya adhuhuri, sehemu kubwa ya hatari itakuwa imekwepwa bila kutumia hata shilingi.

Na aliyepigwa habaki na umeme mwilini, hata majirani wanong'one nini. Mguse. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua papo hapo, mwingine akitafuta gari.