ASKARI ASIUOGOPE UKAGUZI WA MOYO WAKE

Hakuna askari aliyefunzwa vema atakayekwenda lindoni na bunduki asiyoikagua. Hata hivyo wako wanajeshi na polisi ambao, wakiandikiwa na daktari wakapimwe moyo, huikunja karatasi na kuiweka mfukoni majuma mengi. Mmoja huhofia maumivu, wa pili mionzi, na wa tatu kuonekana dhaifu mbele ya wakubwa wake. Hofu mbili za kwanza hazina msingi. Ya tatu ndiyo iuayo.

Kwa askari na jamaa zao wakaao Busanza, wilayani Kicukiro, umbali si udhuru: Hospitali ya Jeshi iko jirani hapo Kanombe, nayo hutibu wanajeshi na raia pia. Lililobaki ni kukifahamu kipimo chenyewe.

MWANGWI WA MOYO

Ultrasaundi ya moyo, ambayo madaktari huiita eko, hutumia mawimbi ya sauti yenye mtetemo wa kasi mno hata sikio la binadamu lisiyasikie. Mawimbi hayo hurushwa kifuani, hugonga kuta na vali za moyo, kisha hurudi kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha ya moyo unaopiga. Hakuna mionzi ya eksirei, wala hakuna kuchanjwa.

Wanajeshi hawana budi kuitambua mbinu hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwanasayansi Paul Langevin wa Ufaransa alitumia mawimbi ya namna hiyo kuzitafuta nyambizi baharini. Mwaka 1953, huko Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliupima moyo kwa mashine iliyoundwa kukagua kasoro ndani ya chuma.

SIKU YA KUPIMWA

Kwa kipimo cha kawaida mgonjwa hana haja ya kufunga. Na ale, anywe, na ameze dawa zake kama desturi, isipokuwa daktari amemwagiza vingine. Achukue majibu ya vipimo vya zamani na orodha ya dawa anazotumia.

Atavua nguo za juu, atalala ubavu wa kushoto, na kubandikwa nyaya ndogo zinazofuata umeme wa moyo. Mpimaji atampaka jeli ya baridi na kupitisha kifaa kati ya mbavu, akikikandamiza kidogo. Huenda mgonjwa akaambiwa abane pumzi. Akisikia mashine ikivuma asishtuke. Ndivyo isikikavyo damu ipitayo. Kazi hiyo aghalabu huchukua nusu saa hadi saa nzima, na baadaye aweza kurudi kazini. Mwanamke aweza kuomba afunikwe, na mwanamke mwenzake awepo chumbani.

Ipo aina nyingine, ambayo mrija hupitishwa kooni ili moyo uonekane kwa karibu zaidi. Hiyo huhitaji kufunga, kwa kawaida saa sita au zaidi. Kwa kuwa mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, aje na mwenzi wa kumrudisha, asiendeshe gari wala kushika silaha siku hiyo.

MAANA YA MAJIBU

Eko huonyesha ukubwa wa vyumba vya moyo, jinsi vali zinavyofunga, maji yaliyouzunguka moyo, na nguvu ya kusukuma damu. Moyo mzima hausukumi nje damu yote iliyomo, bali zaidi kidogo ya nusu kwa kila pigo. Basi asomaye asilimia 60 asidhani kuwa amepungukiwa na 40. Hiyo ni njema. Lakini eko haionyeshi waziwazi mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Aliyeambiwa picha ni nzuri, naye angali anaumwa kifua, arudi kwa daktari.

Katika nchi zetu vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ifuatayo maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Eko huweza kuufichua uharibifu huo mapema, na sindano za penisilini za kila majuma matatu au manne husaidia usizidi. Ukiachwa, hubaki upasuaji. Tangu 2008 madaktari wa kujitolea wa Team Heart kutoka Marekani wamekuwa wakija kuufanya katika Hospitali ya King Faisal, Kigali. Lakini heri kinga. Mzazi asipuuze koo la mwanawe.

Sasa ile hofu ya tatu. Kweli, daktari aweza kushauri askari apunguziwe kazi nzito kwa muda. Lakini ahemaye mno apandapo kilima, alalaye kwa mito mitatu ili apate pumzi, au ambaye buti humbana jioni kwa miguu kuvimba, tayari ana dalili isiyofichika. Akianguka lindoni, nafasi yake hubaki wazi na wenzake hatarini. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio kitamfichua. Karatasi ya daktari ikiwa mfukoni, itolewe leo.