Petroli Inapovuja: Tangi Tupu Si Tupu

Harufu ya petroli ndani ya gari ni jambo ambalo madereva wengi hulizoea upesi. Dirisha hufunguliwa, harufu hupungua, na safari huendelea. Aghalabu gari hupelekwa kwa fundi pale tu matone yanapoonekana chini yake, au mafuta yanapokwisha kabla ya wakati. Hata hivyo, kwa mujibu wa fizikia na kemia, harufu ile ni onyo kubwa kuliko matone yenyewe. Kwani kinachowaka si petroli iliyo majimaji, bali ni mvuke wake.

Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Mafuta ya taa, kwa kulinganisha, hayatoi mvuke wa kiasi hicho mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Mvuke wa petroli, tena, ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi juu na kutawanyika kama moshi, bali hutambaa chini na kutuama mashimoni na mitaroni, na waweza kulifikia jiko lililo mbali na gari. Ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi ya ujazo, cheche moja yatosha. Kikombe kimoja cha petroli, yaani mililita 200, kikigeuka mvuke hujaza nafasi ya lita 36 hivi. Na mvuke huo waweza kuzifanya zaidi ya mita 2 za ujazo za hewa ziwe tayari kuwaka.

Gharama ya kutoijua tabia hii imekwisha kuonekana Afrika ya Mashariki. Huko Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, malori ya mafuta yalipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulipozuka, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha Sachangwan, na takriban 100 Morogoro. Petroli inayovuja garini ni kidogo, lakini kanuni ni ile ile.

Kutafuta mahali panapovuja

Kwanza injini huzimwa na kuachwa ipoe, gari likiwa nje penye upepo. Mwanga wa kufaa ni wa tochi, iliyowashwa kabla ya kusogea karibu. Kamwe si wa kiberiti wala kibatari. Kisha mabomba hufutwa kwa kitambaa kikavu, na karatasi nyeupe hutandazwa chini ya gari.

Baada ya hapo ni kazi ya kufikiri. Katika gari la kabureta lenye pampu inayoendeshwa na injini, mpira utokao tangini hadi kwenye pampu huvutwa, na ule utokao kwenye pampu hadi kwenye kabureta husukumwa. Ufa katika sehemu ya kwanza huenda usidondoshe kitu injini inapozunguka: badala yake huingiza hewa, na injini hukosa nguvu mlimani. Ufa katika sehemu ya pili hudondosha zaidi injini inapofanya kazi. Petroli ikionekana tu baada ya tangi kujazwa, yafaa kuchunguza shingo ya tangi na mpira wake. Kabureta ikifurika, boya lake huenda limetoboka: petroli imeliingia, limekuwa zito, na haliwezi tena kuelea na kuifunga sindano. Hapo kanuni ya Archimedes yafanya kazi chini ya boneti.

Katika magari ya injekta, pampu kwa kawaida imo tangini, na msukumo ni mara kumi au zaidi ya ule wa kabureta. Kwa hiyo bomba halilegezwi kabla msukumo haujaondolewa. Katika magari mengi fyuzi ya pampu huchomolewa, injini ikaachwa izunguke mpaka izimike yenyewe. Ndipo waya hasi wa betri hufunguliwa.

Kutengeneza

Mpira uliopasuka hubadilishwa, haufungwi kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira wa kawaida na petroli ni vitu vya jamii moja, vyote vikiwa vimefanyizwa kwa kaboni na haidrojeni; kwa hiyo mpira hunywa petroli, huvimba na kulegea. Mpira wa nitrili hustahimili, na wa injekta lazima uwe umetengenezwa kwa ajili ya msukumo mkubwa. Kitundu cha tangi huweza kuzibwa njiani kwa sabuni ya kufulia, kwa kuwa sabuni haiyeyuki katika petroli. Lakini huyeyuka katika maji, na mvua moja yaweza kuiondoa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kulichomelea tangi lililomwagwa mafuta. Katika tangi lenye petroli nyingi, mvuke uliomo juu yake kwa kawaida huwa mwingi mno na hewa huwa haba, hata usiweze kuwaka. Likimwagwa, hewa huingia. Na petroli iliyobaki kwenye kuta na katika uchafu huendelea kutoa mvuke, mpaka mchanganyiko ufikie kiwango cha kulipuka. Tangi liitwalo tupu limejaa baruti isiyoonekana. Suluhisho lililo salama ni kulibadilisha, au kulipeleka kwa wenye vifaa vya kulisafisha na kuutoa mvuke wote.

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya darasani bila kugusa petroli. Magadi yakitiwa siki katika jagi hutoa hewa ya kaboni dioksidi, ambayo pia ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hewa hiyo ikimiminwa taratibu, bila siki kumwagika, katika mfereji wa karatasi ulioinama kuelekea mshumaa unaowaka, mshumaa huzimika, ingawa hakuna aliyeona kitu kikipita. Mvuke wa petroli husafiri vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wenyewe, ukilifikia jiko, hauuzimi moto.