Kutapika Si Malaria Tu

Mgonjwa akifika Hospitali ya Rufaa ya Arua, Uganda, anatapika, kitu cha kwanza kushukiwa ni malaria, na ni sawa. Mbu huku West Nile hawajaisha. Ila kwa mtu anayenunua vyuma chakavu kwa kilo, mimi ningeongeza swali moja: wiki hii umekata nini?

Mionzi nayo hutapisha. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Delhi, India, kilipiga mnada mashine kuukuu ya idara ya kemia, iliyokaa bila kazi tangu 1985. Tumboni mwake mlikuwa na kobalti-60 yenye mionzi. Wauza skrepa wa mtaa wa Mayapuri wakaikata. Mmoja alitia kipande kwenye pochi, pochi mfuko wa nyuma, kikamuunguza tako. Mwingine alifariki.

Mgonjwa wa namna hiyo akiletwa hospitali, hofu huzaa makosa. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje hageuki kuwa chanzo cha mionzi, kama vile mtu akishapigwa eksirei hatoki nayo. Mshike, mtundikie dripu.

Wa kuangalia ni mwenye vumbi la mionzi mwilini. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu waliipenda poda ya sesiamu yenye mionzi kwa kung'aa kwake kibuluu, wakajipaka. Wanne walikufa. Mtu kama huyo mvue nguo taratibu, uzikunje upande wa nje uwe ndani, uzifunge kwenye plastiki: hadi asilimia 90 ya uchafu huondoka nazo. Kisha maji vuguvugu na sabuni bila kusugua sana, maana ngozi iliyochubuka ni mlango. Lakini akiwa anavuja damu, zuia damu kwanza.

Andika saa aliyoanza kutapika. Kama ni ndani ya saa mbili tangu akutane na mionzi, huenda amepata zaidi ya grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini). Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti zihesabiwe mara kwa mara kwa siku mbili. Kasi ya kushuka kwake husema mengi, na hadubini ya kawaida yatosha.

Vidonge vya iodini, ambavyo kila mtu huvikimbilia, hulinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, basi. Kwa kobalti havisaidii kitu. Sesiamu dawa yake ni buluu ya Prussia, ile ile rangi ya wachoraji: huinasa tumboni ikatoka na choo.

Nanyi wa skrepa, Arua na Koboko: mkiletewa kasha zito kupita ukubwa wake, lina alama ya pangaboi lenye mabawa matatu kwenye manjano, msilikate. Ondoeni watoto, kaeni mbali, iteni polisi waliarifu Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda.