Paka Mgeni Kwenye Nyumba Yenye Mbwa na Kuku

Leo tuzungumze habari za paka. Usicheke, maana jambo hili lahusu chakula chako. Ukiwa hapa Nyakato, magunia ya mahindi umeyaweka chumba cha nyuma, kuku wako uani, mbwa yuko mlangoni. Panya naye yumo. Panya shamba jike hubeba mimba siku 23 hivi, na aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Wengi wakiona gunia limetobolewa hukimbilia sumu. Lakini sumu haichagui: kuku ataidonoa, na paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye yumo hatarini. Basi ukiamua kufuga paka, kwanza ondoa sumu yote, na mizoga ya panya ifukie.

Sasa paka analetwaje? Desturi yetu ni kumtia katika gunia, kisha gunia linafunguliwa katikati ya ua, mbwa akitazama. Paka huruka ukuta, na huyo harudi. Jirani amepata paka, wewe umebaki na panya wako.

Mlete ndani ya tenga la kuku. Akiwa mdogo, awe ametimiza walau wiki 8. Mfungie chumba kimoja kwa wiki nzima, hata stoo yenyewe yafaa, awe na maji, chakula, na beseni la mchanga kwa haja zake. Wanyama hawa hujuana kwa pua kabla ya macho. Kwa hiyo kitambaa alicholalia paka mpe mbwa anuse, na cha mbwa mpelekee paka. Kisha walishe wakati mmoja, mlango ukiwa umefungwa: mbwa na ugali wake upande huu, paka na dagaa wake upande ule. Kila siku sogeza vyombo karibu kidogo na mlango.

Wakishakula kwa utulivu, mfunge mbwa kamba ndipo ufungue mlango. Paka usimbebe mikononi, atakuparura. Mwache atoke mwenyewe, na awe na mahali pa juu pa kukimbilia. Mbwa akitulia, mpe kipande cha chakula. Akivuta kamba, mrudishe nyuma, lakini usimpige, maana ataona kumbe paka ndiye kaleta fimbo. Paka akifoka na kuvimbisha mkia, siyo uchawi huo. Anasema: kaa mbali. Wengine huzoeana kwa siku chache, wengine kwa miezi, na wewe usiwaharakishe.

Kuku mwenye vifaranga humfukuza paka mwenyewe, ila vifaranga wasio na mama wakae kwenye banda la wavu. Na wako wanaosema paka ashindishwe njaa ndipo awinde. Si kweli. Paka mwenye njaa huhama, au huanza na vifaranga. Mpe dagaa wa Mwaloni waliochanganywa na ugali. Panya atawakamata tu.

Hapa nikazie, mama na baba: dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa usimpake paka. Nyingi zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Hutetemeka, hutokwa povu, na aweza kufa. Hata mbwa akiogeshwa, atengwe na paka mpaka akauke.

Mwisho ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata na kuuambukiza. Akifikisha miezi 3 mpeleke kwa bwana mifugo wa kata, pamoja na mbwa. Mnyama akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishatokea ugonjwa huu hauna tiba. Kadi ya chanjo ya mnyama ichukue kama iko karibu. Kama haionekani, nenda bila hiyo.